Suti ya Mpira Darasani

Wasomaji, nichekeni tu. Tangazo la klabu ya kuzamia, pale posta ya Nyeri, lilisema mafunzo yanaanza Jumamosi na Desemba ni safari ya Malindi. Sikutaka kuonekana mshamba. Niliazima suti ya mpira ya kuzamia, ile ya kubana mwili, nikaivaa kwangu Chaka, nikafunga koti juu, nikanyonga baiskeli hadi mjini.

Nilikuta watu wameshika madaftari, na ubaoni pamechorwa mapafu.

"Leo ni kusoma tu," mwalimu akasema. "Lakini wewe, mbona unatoka jasho hivyo? Toa koti."

Nikatoa. Darasa zima likageuka kuitazama ile suti.

"Basi toa na hiyo, upumue," akasema kwa huruma.

Nikanong'ona kwamba ndani sina kitu. Mke wa mchungaji wetu, aliyekaa mbele, akafunga daftari lake.