Mbegu na Mboga Yake

Ukifika Ilongero ukimtafuta Agripina, usiulize kwa jina. Uliza kwa mama wa mbegu, utaonyeshwa. Ana miaka hamsini na tisa, sauti nzito, na mdomo usiojua kupunguza maneno. Alimzika mume mapema, akasomesha watoto wanne kwa alizeti na uwele, na hajawahi kumnyima mtu mbegu ya muhogo. Mbegu ya muhogo haiuzwi, husema. Anayeiuza atavuna kuni.

Tena hatoi miti mitupu. Mama yake alimfundisha kutoa fungu na vilele vyake vibichi, ili aliyepewa apike kisamvu jioni ile ile na kupanda kesho yake. Miti iliyopukutishwa majani, kwa Agripina, ni zawadi ya bahili.

Desemba iliyopita alikwenda Itigi kumzika shemeji yake. Dada yake, Theresia, alikuwa na muhogo mtamu unaowahi kuiva, na Agripina hakuona haya kuomba hata matanga hayajaisha. Alirudi na mafungu matatu juu ya basi, baada ya kumfokea konda mpaka akayafunga vizuri. Kesho yake asubuhi, hata chai hajanywa, alikuwa ameshagawa nyumba tisa. Wote walikula kisamvu wakamwombea heri.

Mvua zilipokatika, majani yakaanza kuwa na vidoa vya njano. Kufika Agosti vilele vilikuwa vimepukutika, vimebaki vijiti. Watu walisema ni jua. Agripina alisema ni jua kuliko wote, maana uwele ulikuwa umekauka mwaka huo na hakutaka kusikia neno baya juu ya muhogo.

Bwana shamba, Chediel, alifika na pikipiki yake akachuma jani.

"Shikamoo mama. Hebu tazama hapa chini na lenzi hii."

"Marahaba. Naona vumbi."

"Vumbi halitembei, mama."

Kweli lilikuwa linatembea.

"Si utitiri wa kuku huu?"

"Ni ndugu yake, ila huu unanyonya muhogo. Asili yake ng'ambo. Upepo unaubeba, lakini safari ndefu unabebwa na watu, na unapenda kilele kichanga. Mbegu hii ilikuja na majani?"

Agripina aliyakumbuka yale mafungu matatu juu ya basi, na vilele vyake vibichi. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamchoma. Wema wote ule, kumbe alikuwa anagawa wadudu! Chediel akamwambia mihogo iliyodumaa ing'olewe ichomwe, na mbegu isihamishwe hata mti mmoja. Angeweza kunyamaza. Jua lingebeba lawama, naye angebaki mama wa mbegu.

Alianza na shamba lake. Aling'oa hadi mchana, akachoma, kisha akajitanda khanga akaenda nyumba kwa nyumba, akisema vile vile kila mlango: "Ugonjwa wa muhogo nimeuleta mimi. Ng'oeni." Wengine walicheka wakidhani anatania. Peniel, ambaye wamesali naye kanisa moja miaka thelathini, alimfungia mlango, na hilo lilimuuma.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Stumai, mjane mwenzake, ambaye muhogo ule ndio uliobaki wa kumvusha mpaka mvua. Agripina alisema yake akiwa amesimama, kiti alikikataa.

Stumai aliligeukia shamba. "Nikiung'oa nitakula nini, dada?"

"Ghalani nina magunia mawili ya uwele wa mwaka juzi. Moja ni lako. Nitalileta leo leo."

Stumai akaingia ndani, akatoka na jembe. Waling'oa wote wawili, mizizi ikitoka myembamba kama vidole. Walipofika mstari wa mwisho Stumai akasimama, mkono kiunoni.

"Ile mbegu uliyonipa sikuipanda yote," alisema. "Wewe hukuninyima, nami ningenyimaje? Nusu nilimpelekea binti yangu Ikungi, wiki ile ile. Amenipigia simu juzi, anashukuru. Kasema kijiji kizima wamegawana."

Agripina aliketi chini, pale pale kwenye udongo, akalia waziwazi. Stumai alimwacha alie. Alipomaliza, alijifuta uso kwa upindo wa khanga, akasimama.

"Mpigie," alisema. "Mwambie kesho nakuja, na aniandikie majina ya wote waliogawana."