Shati la Idd Kutoka Mlandege

Baba alikuwa fundi cherehani pale Mlandege, Iringa, na alikuwa na njia yake mwenyewe ya kukadiria gharama za watoto. Mama alikataza kabisa tusihesabiwe kwa vidole, akisema ni kutuitia mkosi. Basi baba alituhesabu kwa mashati. Alichora kwa chaki juu ya meza yake ya kukatia: shati hili na ada ya skuli, shati lile na blanketi, maana baridi ya Iringa haina adabu. Kila alipomaliza, shati moja lilibaki bila chakula. Akafuta meza kwa kiganja, akaanza upya.

Shati hilo lilikuwa mimi. Wakubwa walikwishaanza kusaidia kazi, wadogo walikuwa bado mgongoni kwa mama. Mimi wa katikati nilijua kula tu.

Nikapelekwa Mbeya kwa shangazi, dada yake baba, ambaye hakujaliwa mtoto. "Mwaka mmoja tu, mwanangu," baba aliniambia stendi, huku akininyoosha kola. "Mambo yakikaa sawa nakuja kukuchukua."

Kwa shangazi sikukosa kitu. Nilikula wali, nililala kitanda changu peke yangu, na hapo ndipo penye taabu. Niliwakumbuka ndugu zangu mpaka yale magoti yao yaliyokuwa yakinichoma mbavu. Niliukumbuka mlio wa cherehani. Nikiulizwa kwa nini sili, nilisingizia tumbo.

Kila Idd baba alitushonea sote mashati kutoka jora moja, na mwaka ule langu likaja kwa basi. Nguo za watoto kwetu zilikatwa kubwa, za kukulia, ili pindo likunjuliwe mwakani. Hili lilinikaa sawasawa, halina hata pindo la akiba. Shangazi alikuja juu. "Huyu kaka yangu! Fundi mzima anabania kitambaa?"

Mimi nilifurahi kupita kiasi. Mtoto anayerudi nyumbani karibuni ashonewe nguo ya kukulia ya nini? Akikua, baba yake yupo, atamshonea nyingine. Nikalivaa mpaka likanibana makwapa. Kila jioni nilikwenda stendi kuwakagua abiria wa basi la Iringa, na shangazi akanizoea, akawa ananiwekea chakula.

Idd iliyofuata furushi likaja tena. Kitambaa kilikuwa kizuri, cha mistari ya buluu, na nilijua nyumbani wote wamevaa hichohicho. Nikajaribu. Mikono ilipita vidole, chini likafika magotini, na kwa ndani kulikuwa na pindo pana, limeshonwa polepole kwa mkono, la kukunjuliwa mwaka hadi mwaka.

Shangazi akapiga kigelegele. "Hilo sasa ndilo shati! Utalivaa mpaka uote ndevu!"

Nikakunja mikono, nikaikunja tena, nikaenda kusali Idd. Jioni ile sikwenda stendi.