Nilimpangia mama wa bosi safari ya Vienna isiyo na tone la mvua, nikaduwaa

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Wanaonijua humu wanajua nimejijenga kwa mikono yangu. Diploma ya utalii nilijisomesha mwenyewe, kisha nikapata mkataba Riyadh, ofisi ya safari pale mtaa wa Olaya. Ilikuwa miaka ile mambo yanafunguka, wanawake wameanza kuendesha magari.

Kazi yangu ilikuwa kaunta ya umra. Siku moja bosi akaniita:

"Mama yangu anataka siku chache Vienna. Akiridhika, meza ya safari za Ulaya ni yako. Asiporidhika, usiniulize tena habari ya meza."

Nilipanga kisomi! Makasri ya wafalme, makumbusho, muziki. Nikafuatilia hali ya hewa mpaka nikapata wiki yenye anga safi kabisa.

Tukaruka na bosi hadi Jeddah, sebuleni kwa mama yake. Nikaanza kwa kuuliza ruhusa ya kusafiri ataitoa mwanaume gani, maana nilijua kule mwanamke hasafiri bila idhini hiyo.

Binti wa yule mama, dada yake bosi, akacheka. "Ruhusa? Hayo halas, yamekwisha, kaka. Mimi na mama tunaondoka wenyewe."

Mshtuko wa kwanza huo. Nikajikaza, nikaeleza makasri yote. Mama akanikatiza.

"Mvua ipo?" akauliza.

Nikatabasamu kwa kujiamini. "Mafi, hakuna, madam. Hata tone."

Wakuu, mama akashangaa:

"Sasa naenda kufanya nini?"

Binti akashika mbavu. "Mama, katutafutia jua!"

"Jua? Hapa Jeddah nimelikosa lini?"

Bosi akanigeukia. "Na wewe ndiye mwenye diploma?"

Nilihisi shati linaning'ang'ania mgongoni, na kiyoyozi kinafanya kazi. Kwetu Bukoba mvua ikinyesha mtalii anadai hela yake. Huyu anailipia!

Lakini mimi si wa kuondoka mikono mitupu. Nikafuta ratiba yote palepale. Safari nikaisogeza hadi vuli, hoteli ikawa yenye madirisha makubwa kuelekea bustani, makumbusho nikabakiza moja tu.

"Na miavuli nitaagiza mapema, madam."

"Miavuli ya nini?"

Nikafuta na miavuli.

Walipokwenda, mvua ilinyesha kweli. Binti akamtumia bosi video: mama kasimama mbele ya kasri la kifalme, kaligeuzia mgongo, abaya imelowa chapachapa, uso kauinua juu anacheka kama mtoto. Kasri lenyewe hakuligeukia.

Bosi aliirudia mara mbili. Kisha akasema, "Yalla, haya, hamishia vitu vyako meza ya Ulaya."

Leo nina ofisi yangu Mwanza, na mteja akikaa tu namuuliza kwanza kwao amechoka na nini. Mengine yanafuata.

Mliowahi kufanya kazi huko, ni ombi gani la mteja liliwaacha mdomo wazi? Shusheni hapa.