Orodha ya Wapiga Kelele

Katika miaka thelathini na moja ya kufundisha hesabu, Bi Nukta hakuwahi kumshika mtoto hata sikio. Jina hilo walimpa wanafunzi, kwa sababu akishatoa amri husema "Nukta!" na hapo ubishi umekwisha. Wenzake walifoka mpaka sauti zikakauka, waliwapigisha watoto magoti mpaka kengele. Yeye alikuwa na orodha. Kiranja anakaa na karatasi, anaandika jina la kila anayeongea mwalimu akiwa ameugeukia ubao, na kipindi kikikaribia kuisha, walioandikwa wanakuja mbele mmoja mmoja kulieleza darasa zima walichokuwa wanasema.

"Kama neno lilikuwa tamu kiasi cha kukatiza hesabu zangu," alizoea kuwaambia, "basi usiwe mchoyo. Tumegee na sisi."

Loo, dawa hiyo ilikuwa kali jamani! Ulikuwa unanong'ona kwamba fulani ananuka kikwapa? Haya, simama mbele ya fulani mwenyewe uyaseme. Majitu marefu ya darasa la saba yalilia machozi pale mbele, na aliyekwenda mara moja hakurudia.

Sasa mwaka huu, kwa darasa la sita, dawa ikagoma. Akiugeukia ubao tu, kicheko. Tena si cha mtu mmoja, ni cha darasa zima, cha kuvunja mbavu. Akigeuka anakuta midomo imebanwa na mashavu yamevimba. Orodha ikija ni tupu, maana kiranja, mvulana mmoja mvivu kupindukia, anasema hakuona mtu. Wanacheka nini? Hakuna wa kumwambia.

Jumatatu mwalimu mkuu akamwita ofisini. Huyu alikuwa mwanafunzi wake zamani, na aliwahi kusimama mbele kwa ajili ya orodha ile ile, ndiyo maana aliongea ameinamisha macho.

"Mama, darasa la jirani hawasikii kitu. Nimevumilia sana. Ijumaa nitakuja kukaa nyuma nijionee. Yakiwa ni yale yale, itabidi nikuhamishie stoo ya vitabu. Na wewe upumzike kidogo."

"Nani kakuambia nimechoka?"

Kupumzika! Kijana wa watu hakujua alichokuwa anasema. Tangu mume wake, fundi saa, afariki miezi minane iliyopita, Bi Nukta alikuwa amepumzika mpaka mifupa. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, vyote kimya. Saa za ukutani zilisimama moja baada ya nyingine kwa kukosa wa kuzitia ufunguo. Mtoto wao yuko mbali, anapiga simu Jumapili, anauliza hali, anakata. Chakula alikula amesimama jikoni, maana kukaa mezani peke yake kulimshinda. Wale watoto arobaini, pamoja na utundu wao wote, ndio watu pekee waliobaki wa kumwita. Vitabu vya stoo havimwamkii mtu shikamoo. Aliogopa, na hofu yenyewe hakuwa na wa kumwambia.

Jumanne akamvua yule mvivu ukiranja, akampa msichana waliyemwita Hakimu, mtoto asiyejua kudanganya hata kidogo. Inasemekana wageni walipobisha hodi kwao siku moja, aliwaambia waziwazi kwamba mama yupo ila kajificha chumbani.

"Andika kila anayefungua mdomo nikiwa nimewapa mgongo," Bi Nukta akamwagiza. "Usimwonee haya mtu, awe nani. Nukta!"

"Kila mtu, Mwalimu?"

"Kwani nimesema kwa lugha gani?"

Alhamisi kicheko kilipasuka mara tatu. Kipindi kilipokaribia kuisha, Hakimu akaleta karatasi. Bi Nukta, kwa mazoea yake ya miaka yote, akaisoma kwa sauti kabla ya kuipitia kwa macho, na hapo ndipo alipopatikana.

"Redio, mara mbili." Huyo alikuwa msichana wa dawati la nyuma, mdomo wake hauzimwi. "Goti, mara moja." Huyu naye alikuwa mvulana wa dawati la mbele. "Mwalimu, mara tano."

Darasa likawa kimya, kimya ambacho hakuwa amekisikia mwaka mzima.

"Mwalimu gani huyu?"

"Ni wewe, Mwalimu," Hakimu akasema, machozi yakimlengalenga. "Si ulisema kila mtu."

"Mimi? Nilisema nini?"

Hakuwa anajifanya. Hakujua. Hakimu akaigeuza karatasi, kwa kuwa nyuma alikuwa ameandika yote. "Ulisema, 'Mzee, miwani yangu umeiweka wapi?' na miwani unayo shingoni. Halafu, 'Chai yako inapoa.' Halafu miwani tena. Halafu, 'Funga dirisha, upepo unaingia.' Halafu ukasema, 'Haya, ninyamazie tu.'"

Kumbe ndicho walichokuwa wanacheka siku zote! Uso ulimwaka kwa aibu. Angeweza kuichana ile karatasi, nani angemuuliza? Lakini aliwakumbuka wote aliowasimamisha pale mbele. Akapiga moyo konde, akaweka chaki chini, akaenda kusimama walipokuwa wakisimama wao.

"Nilikuwa naongea na mume wangu," akasema. "Alifariki. Nyumbani naongea naye kutwa. Sikujua kama nimekuja naye mpaka huku."

Hakuna aliyecheka. Redio akanyoosha mkono, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

"Huwa anakujibu, Mwalimu?"

"Hajibu. Zamani alijibu. Tena alikuwa mbishi huyo! Uzi huu wa miwani alinifungia yeye, alichoka kuulizwa. Nukta."

Ijumaa mwalimu mkuu akaja, akajibana kwenye dawati la nyuma, magoti yakigusa kidevu. Bi Nukta aliandika ubaoni ameuma meno, akijichunga kila neno. Hesabu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu ilikuwa ya sehemu, tarakimu ndogo ndogo, na akiwa amezama kabisa, akajisikia kwa masikio yake mwenyewe: "Mzee, miwani yangu umeiweka wapi?"

Moyo ukampasuka pa! Basi, akajua, stoo hiyo.

"Ipo shingoni, Mwalimu," Redio akajibu polepole, kama mtu wa nyumbani. Watoto waliendelea kunakili.

Kengele ilipolia Hakimu akaleta orodha, na mkuu akaisoma juu ya bega la Bi Nukta: Mwalimu, mara moja. Redio, mara moja, alikuwa anamjibu.

"Jumatatu uingie kama kawaida, mama," mkuu akasema, akatoka haraka haraka.

Alishinda. Akarudi nyumbani karibu anakimbia, kama ana wa kwenda kumsimulia. Akafungua mlango, akatundika mkoba, akaketi mezani kwa mara ya kwanza tangu msiba, akatoa madaftari ya kusahihisha.

"Mzee, miwani yangu umeiweka wapi?"

Akasubiri. Alisubiri kweli kweli, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Kisha akaipapasa mwenyewe shingoni, akaivaa. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri, na hakuna ambaye angemjibu mpaka Jumatatu.