Mkanda wa Watu Wazima kwenye Mkono wa Mtoto

Jamani, nimekosa! Jambo hili nimelikalia mpaka limeanza kunila. Nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu.

Nilikuwa nesi kijana pale Karatu, miaka ile ya baada ya vita ya Uganda, petroli ikipatikana kwa kibali. Daktari wetu alitaka kujua presha ya kawaida ya mtoto wa shule ni ipi, maana vitabu tulivyokuwa navyo vilikuwa na vipimo vya watoto wa Ulaya. "Hawa wetu wanaopanda milima kwenda shule tuwapime kwa kipimo cha nani?" alikuwa akiuliza. Kazi ya kupima nikapewa mimi. Nilivimba kichwa!

Mkanda mdogo wa mashine ya presha, wa kufunga mkono wa mtoto, ulikuwa mmoja tu. Asubuhi tulipofika shule ya kijiji cha Kansay nikaubana na mlango wa Landrova, ukapasuka. Daktari alikuwa ametangulia kwa mwalimu mkuu. Nikaogopa! Mwingine ungetoka Arusha, na petroli ya kurudia safari nani angetupa? Nikauficha, nikachukua ule wa watu wazima.

Nilijua! Tulifundishwa kwamba mkanda mkubwa kwenye mkono mdogo hudanganya, unaonyesha presha ya chini kuliko ilivyo. Nikapima hivyo hivyo, darasa baada ya darasa.

Ndipo akaja Paskalina, binti wa darasa la nne. Mama yake alikuwa nyuma yake, ameacha palizi.

"Sista, huyu anaumwa kichwa kila akiamka. Na tazama macho yalivyovimba."

Nikampima. Kipimo kikasoma vizuri. Kitu kikanichoma moyoni, nikakipuuza.

"Presha yake nzuri, mama. Mpe uji, atapata nguvu."

"Kweli, Sista?"

"Kweli kabisa."

Mungu wangu!

Daktari nilimdanganya kwamba mkanda umepasuka tukirudi. Akaagiza mwingine.

Mahindi yalipokaribia kukomaa, Paskalina aliletwa hospitalini juu ya tela la trekta, degedege limemshika, mdomo umepinda. Kumbe majirani walimsihi mama amlete mapema, naye akawajibu, "Sista alishampima, yuko sawa." Daktari akamfunga ule mkanda mpya wa watoto. Zebaki ikapanda, ikapanda! Figo za mtoto zilikuwa zinaumwa siku nyingi, ndizo zilizopandisha presha.

Nilimfuata daktari nje. Kisha nikamwambia daktari yote. Hakunifokea, na afadhali angenifokea! Akavitupa vipimo vyote vya Kansay. "Tungewatibu watoto wa watu kwa uongo wako," alisema, akaniondoa kwenye kazi ile.

Paskalina alipona, lakini mkono wa kulia, uliopooza siku ile, haukuamka tena.

Na mama yake sikumwambia! Alijua tu kwamba nilimuuguza mwanawe wodini. Kila mavuno akaniletea maharage. "Ulimwokoa mwanangu," alisema. Nami nikapokea! Miaka na miaka! Nikimwona mnadani nageuza njia. Nyumbani situlii: naketi, nasimama, natoka nje, narudi, mume wangu ananiuliza natafuta nini.

Jumapili iliyopita nikashindwa. Nikaenda Kansay. Mama alikuwa anapepeta ngano uani. Nikamweleza kuanzia mlango wa Landrova mpaka maharage.

Ungo ukasimama mikononi mwake. Kisha akaita ndani, "Paskalina! Njoo."

Akatoka, mwanamke mzima sasa, kanga ameifunga kwa mkono mmoja. "Shikamoo, Sista."

Nikautazama ule mkono mwingine ukining'inia.

"Mwambie yeye," mama akasema. "Mkono ni wake."

Nikamwambia, nikilia. Alinitazama mpaka mwisho, akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilingoja uani mpaka jua likaanza kupoa. Haukufunguliwa.

Wewe unayepima watoto wa wenzio, kifaa kikiharibika, simama, useme! Bora ufokewe mbele ya watu. Na mama akikuambia mwanawe anaumwa, mwamini yeye kwanza. Ukishakosa, usingoje kama mimi. Kimbia ukaseme wakati bado kuna mtu wa kukufungulia mlango.