Kamba ya Jumapili

Kila Jumapili baada ya misa, Skolastika alivua viatu vyake vya kanisani, akaviweka pembeni mwa kisima cha Kidahwe, kisha akateremsha kamba. Mwishoni mwa kamba hiyo palikuwa na kipande cha nondo, na juu ya nondo, kimo cha mkono wa mtu mzima, palifungwa kitambaa chekundu. Nondo ilipogota chini aliivuta na kukitazama kitambaa. Kikitoka kimelowa, maji yanatosha. Kikitoka kikavu, pampu ya machimbo ya changarawe, yaliyokuwa ng'ambo ya migomba, ilipaswa kuzimwa hadi maji yarudi.

Hayo ndiyo makubaliano ambayo kijiji kilifunga na kampuni. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Malori ya chakula yaliyopanda kutoka bandarini Kigoma kwenda makambini yalikuwa yakizama kwenye matope ya barabara ya Kasulu, na barabara ilitaka changarawe. Kampuni ikachimba mpaka shimo likakutana na maji ya chini ya ardhi, ikalazimika kuyavuta na kuyamwaga bondeni ili mashine zifanye kazi. Wanakijiji wakauliza: na kisima chetu je? Wakajibiwa kwamba kisima kitachungwa. Aliyechaguliwa kukichunga ni Skolastika, mjane aliyeitwa na wengi Mama Feliksi, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kumshika kwa uongo.

Siku ya kupima aliichagua mwenyewe. Siku za kazi wanawake walijipanga kisimani tangu alfajiri, na nondo ikishuka ilitibua tope, wakanung'unika. Jumapili palikuwa kimya. Nani angemlaumu kwa kuwastahi wenzake?

Kiangazi kile ndoo zilianza kukwangua chini. Mzee Pastory, mwenyekiti wa kijiji, akaitisha mkutano.

"Mama Feliksi, wewe ndiye jicho letu pale. Machimbo yanatunywea maji, hayatunywei?"

"Kitambaa hakijatoka kikavu hata mara moja, Mwenyekiti."

"Sasa maji yanakwenda wapi?"

Angeweza kusema hajui, na hilo lingekuwa kweli tupu. Lakini mtu aliyezoea kuaminiwa huona haya kukosa jibu. Macho yake yakaenda nyuma ya mkutano, alikosimama Frida, mkimbizi kutoka Burundi, na mtoto mgongoni.

"Wachotaji wameongezeka," alisema.

"Si useme tu Warundi!" akadakia mwanamume mmoja. "Mtu anakuja na ndoo mbili, anaondoka na kisima kizima!"

Watu wakaangua kicheko. Kabla kicheko hakijakauka, iliamuliwa kwamba kisima kijengewe uzio na lango, na wasiokuwa wenyeji wasichote.

Frida alikuwa amevuka mpaka akikimbia risasi, akapata hifadhi kwa shangazi yake aliyeolewa Kidahwe. Ni yeye aliyelima maharage ya Skolastika msimu ule, na lugha zao zilikaribiana kiasi kwamba walitaniana shambani bila kutafutiana maneno. Baada ya mkutano hakulalamika. Alianza kuteka bondeni, pale pampu ilipomwaga maji ya shimo, maji yaliyong'aa rangirangi kwa mafuta ya mashine. Haikupita muda mrefu, mwanawe Bonaventura akaanza kuharisha. Skolastika alipeleka uji, akampa pole, akarudi nyumbani akijihesabu miongoni mwa watu wema.

Kisha askofu akatangaza kuja parokiani kutoa kipaimara Jumapili. Skolastika, aliyepangwa jikoni siku hiyo, aliona heri apime mapema. Akaenda kisimani Ijumaa.

"Leo umepotea siku, Mama Feliksi?" mwanamke mmoja akamtania kwenye foleni. "Usitutibulie hicho kikombe kilichobaki!"

"Mara moja tu, jamani."

Nondo ilishuka, ikagota. Alipoivuta, kitambaa kilikuwa kikavu kama kilivyoingia. Alidhani nondo imenasa kwenye jiwe. Akarudia. Kikavu. Ng'ambo ya migomba pampu ilikuwa ikinguruma, na kwa mara ya kwanza Skolastika aliusikiliza mlio ule kama mtu anayesikia jina lake likitajwa.

Ghafla mlio ukakatika. Baadaye kidogo akapita Mwinshehe, mwendesha pampu kutoka Ujiji, amevaa kanzu na kofia.

"Shikamoo, Mama Feliksi. Nawahi sala ya Ijumaa, msikitini Mwandiga."

"Marahaba, mwanangu. Pampu umeizima?"

"Nikirudi nawasha. Inapumzika nikiwa msikitini, na Jumapili mnapokuwa kanisani ninyi. Siku nyingine zote ni kunywa tu!" Akacheka, akaenda zake.

Skolastika aliwaomba wanawake waweke ndoo chini kwanza, aone kama maji yatapanda. Wakaguna, lakini walimheshimu. Mwinshehe aliporudi kutoka msikitini, kabla hajawasha, Skolastika aliteremsha kamba tena. Kitambaa kikapanda kikidondosha maji.

Alikaa juu ya ukingo wa kisima. Miezi yote ile alikuwa akikipima kisima siku ambayo mwizi wake amelala.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kujificha. Angeweza kukionyesha kitambaa kikavu wiki ijayo, pampu ikazimwa, na kusiwe na anayejua kwamba alikosea. Lakini lango lingebaki limefungwa, na Warundi wangebaki kuwa ndio waliokikausha kisima, kwa sababu hilo ndilo alilolisema yeye.

Alimkuta Frida kwa shangazi yake, akifunga nguo kwenye kitenge.

"Unakwenda wapi?"

"Kambini. Huko kuna bomba. Lori la changarawe litanibeba."

Skolastika akamweleza yote, akisimama mlangoni kama mgeni. Frida alisikiliza huku akimpepea mtoto.

"Ulipima maji, mama," alisema mwishowe. "Mimi hukunipima. Ungeniuliza tu nateka ndoo ngapi. Tulikuwa shamba moja."

"Ningoje mpaka kesho, nitamwomba Mwenyekiti aitishe mkutano. Nakuomba."

"Nitakungoja kwa ajili ya huyu. Si kwa ajili yako."

Kesho yake Skolastika alisimama mbele ya kijiji na kamba mkononi. Dismasi, msimamizi wa machimbo, alimsikiliza akitabasamu.

"Mama, ni kampuni iliyokuagiza upime Jumapili?"

"Hapana. Nilichagua mwenyewe."

"Basi kosa ni lako."

"Ni langu. Na maji mnayavuta ninyi. Twende sasa hivi, pampu ikinguruma, kila mtu atazame."

Walikwenda. Kitambaa kilitoka kikavu mbele ya macho yote, na Dismasi, aliyesaini makubaliano kwa mkono wake, hakuwa na pa kutokea. Pampu ikazimwa.

"Kwa hiyo tuliwafungia watu kisima bure?" Mzee Pastory aliuliza.

"Mlifunga kwa neno langu."

Hakuna hata mmoja kati ya waliocheka siku ile aliyenyanyua mkono kusema "na langu pia". Wote walimwachia mwanamke mmoja mzigo walioufunga pamoja, wakatazama chini kama waliopoteza sindano.

Lango lilifunguliwa. Jumatatu, maji yalipokwisha kupanda, Frida alikuja na ndoo, Bonaventura mgongoni, shingo ya mtoto ikiwa nyembamba kama bua. Alisimama mwisho wa foleni. Skolastika, aliyekuwa akipima mbele ya wote, akamwita apite mbele.

"Nitangoja zamu yangu," Frida alisema.

Akangoja. Ilipofika, akateka, akajitwika, maji yakamchuruzikia usoni. Alipompita Skolastika alisimama kidogo.

"Ndoo moja, Mama Feliksi," alisema. "Hesabu."

Skolastika alimtazama akishika njia. Kamba ilikuwa bado imening'inia mkononi mwake, ikimlowesha miguu.