Redio Iliyozimika Kila Mtu Akisema

Wakati wa vita, kwenye fonie, kituo cha redio ya kuongea na watu wa mbali, mjini Baraka, mama mmoja alikuwa akitafuta watoto wake waliokimbilia Lulimba. Kila alipobonyeza kitufe aseme, redio ilizimika.

"Batri imekufa," tukasema sote kwenye foleni.

Fundi, dada aliyejitengenezea kidude cha kulinda batri, alikataa. "Mama, bonyeza tena, mi niangalie taa ya kidude."

Taa ikazimika.

"Kosa iko mu programu yangu. Ukisema, umeme inashuka kidogo, kidude inafikiri batri imeisha, inakata."

Akafungua kompyuta, akakiandikia kidude kingoje kidogo kabla ya kukata.

Mama akabonyeza, akaita. Sauti ikajibu: "Mama, tuko bazima!"

Akashika meza kwa mikono miwili. "Mumekula?" akauliza.

Ndugu msomaji, ufundi ule wote ulikuwa kwa ajili ya swali hilo.